Siku Moja Maishani Mwangu: Kupeleka Bima ya Meno Sokoni

Saa moja na nusu asubuhi. Ni mwezi wa Juni hapa Houston, na leo ni siku ya mwisho kwa kampuni yetu kuwasilisha mipango ya bima ya meno ya mwaka ujao katika soko la bima la serikali kuu ya Marekani, lile ambalo wananchi hulifikia kupitia HealthCare.gov. Wateja wataiona mipango hii Novemba, usajili utakapofunguliwa. Sheria ya afya ya 2010 iliyaweka matibabu ya meno ya watoto miongoni mwa huduma 10 za lazima, lakini ikaruhusu yatolewe na mpango unaojitegemea, nje ya bima ya afya yenyewe. Mipango hiyo ndiyo inayonipa riziki.

Saa tatu. Nimekaa na mzee wa hesabu za bima, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, tukilinganisha jedwali la mafao na jedwali la bei. Kila mpango una namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 14: tarakimu 5 za kampuni, herufi 2 za jimbo, kisha tarakimu 7 za bidhaa na mpango. Ukikosea moja tu, jedwali la bei litakuwa linataja mpango ambao jedwali la mafao haliujui. Zamani kampuni ya meno iliweza kuweka bei ya makisio na kuirekebisha baadaye. Tangu mipango ya 2024, bei inayowasilishwa ndiyo atakayotozwa mteja, na ndiyo maana mzee huyu anasoma kila mstari kwa kidole.

Saa tano kasorobo ndipo ninapoliona kosa. Gharama ambazo familia hujilipia kwa meno ya mtoto zina kikomo cha mwaka: kiliwahi kuwa dola 350 kwa mtoto mmoja na 700 kwa wawili au zaidi, na sasa hupandishwa kwa ngazi za dola 25 kufuatana na bei za matibabu ya meno. Katika mpango wetu mmoja, kisanduku cha mtoto kina kikomo kipya, ilhali cha familia kimebaki na cha mwaka jana. Mzee anasema tukiache, kwa kuwa kikomo cha chini hakivunji sheria, tena kinamfaa mteja. Ni kweli, lakini hati ya bima tuliyoipeleka kwa idara ya bima ya jimbo inataja kiasi kingine, na mteja hawezi kuahidiwa mambo mawili. Tunabishana kwa adabu karibu nusu saa, kisha anakubali, nami nakirekebisha kisanduku.

Saa saba, wakati wa chakula, ananipigia mama mmoja jirani yangu, mwenyeji wa Bukavu, ambaye mwanawe wa miaka minane ana gego lililooza. Anataka kununua bima ya meno peke yake. Namweleza kwamba kwenye HealthCare.gov mpango wa meno haununuliwi bila mpango wa afya, na kwamba aulizie kwanza Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, maana mtoto anayestahili hutibiwa humo hata meno.

“Sasa dada, jino nalo si afya?” ananiuliza.

Nacheka, kwa kuwa sina jibu la kumpa.

Saa nane na nusu nahamia jedwali la maeneo. Texas ina kaunti 254, na kila moja ina msimbo wake. Harris, tunamoishi, ni 48201. Mwaka juzi tuliisahau kaunti moja ndogo, na wakazi wake hawakuuona mpango wetu ingawa daktari wa meno wa mjini kwao alikuwa miongoni mwa madaktari wanaopokea bima yetu. Tangu hapo nazihesabu mara mbili, mara ya pili nikianzia chini.

Saa kumi nabonyeza kitufe cha uhakiki. Makosa mawili, yote ya tarehe. Narekebisha, nabonyeza tena, kimya. Faili zinapanda moja baada ya nyingine hadi stakabadhi ya mapokezi inatokea. Kitakachofuata ni barua ya masahihisho kutoka kwa wakaguzi, nayo haikosi kuja.

Saa kumi na moja na robo, nikiwa kwenye maegesho, simu inatetemeka. Ni picha ya fomu ya Medicaid, imepigwa upande, na chini yake swali: “Hapa natia saini wapi, dada?”