Macho ya Kochi

Jana usiku tulikutana sisi wachezaji wa zamani kuzungumza mambo ya Kochi wetu wa mpira hapa Mtongwe, Mombasa, maana macho yanamsumbua na bado hataki kupumzika. Macho ya fundi wa kuchomelea hayo, miaka na miaka anatazama ule moto, na zamani kioo cha giza kizuri hakikuwa cha kupatikana ovyo. Nimerudi nyumbani usingizi haukuja, nikaona bora niandike.

Kwa wasiomjua, Kochi alikuwa Navy, jeshi la majini, kambi ya hapo hapo Mtongwe. Wenzake wengi walipostaafu walirudi kwao bara, yeye akabaki, akafungua kibanda chake akawa anachomelea mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma, kazi aliyoijulia jeshini. Asubuhi yuko na chuma, saa kumi jioni yuko uwanjani na watoto. Hakuna anayemlipa. Mipira inatoka kwenye pesa za mageti na kidogo kwenye pensheni.

Vijana wa sasa wanadhani ule ukali wake ni wa jeshi. Mimi naamini ni ile feri. Ijumaa asubuhi tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka imejaza watu kupita kiasi, wengi wanaenda zao kazini kisiwani, wakafa watu 272, na nchi kavu ilikuwa pale pale wanaiona. Yeye alikuwa askari kijana na alikuwa kati ya waliokuwa wakitoa watu majini. Huwa haizungumzii kabisa, kwangu aliitaja mara moja tu, akasema wengine walikuwa wanaume wazima wenye nguvu zao, wamezaliwa na kukulia kando ya bahari, na kuogelea hawajui.

Ndio maana kwake huvai jezi kabla hujajua kuogelea. Tulimchukia kwa hilo wallahi, sisi tunataka kupiga chenga yeye anatupeleka ufukwe wa Shelly maji yakijaa, na tukivuka Likoni kwa feri kwenda mechi Tononoka au Mbaraki anatuhesabu kabla ya kupanda, anatuhesabu tukishuka, hata wale wakubwa wenye ndevu.

Magoli alituchomelea mwenyewe kwa mabomba ya zinki. Pale pa kuunganisha aliikwangua zinki yote kwanza kwa grainda, maana moshi wake ikichomelewa ukiuvuta, usiku unapata homa na kutetemeka, halafu akapaka redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mara mbili maana chumvi ya hapa haina huruma na chuma. Nguzo akazizika kwenye zege. Goli lililosimamishwa tu linaweza kumwangukia mtoto likamuua, na viwanja vingi vya mitaani magoli bado yanayumba hivi hivi, hili linaniuma sana kwa sababu dawa yake ni shimo na simiti basi.

Watu humpima kochi kwa wachezaji aliowapeleka timu ya Bandari. Wa kwake wapo. Lakini mimi nawaangalia zaidi wale ambao mpira haukuwatoa, akawaita kibandani, anza kushika grainda, kata, pima tena, leo wana mashine zao Changamwe na Ukunda na wameajiri vijana wengine. Kuna mmoja alikuwa ameshazama kwenye unga, yaani dawa za kulevya, Kochi alimfuata maskani jioni baada ya jioni, hamgombezi, anakaa tu naye. Yule sasa ana mke na watoto.

Basi jana tumekubaliana tupokezane mazoezi ya wiki, yeye abaki na Jumamosi tu, na mageti afanye mafundi aliowafunza, yeye asimamie. Tulimpigia simu hapo hapo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema sawa wanangu, lakini kila atakayesimama na watoto lazima kwanza aogelee mbele yangu, mmeshanenepa nyote. Mimi nimechukua Alhamisi. Kesho alfajiri niko Shelly na yeye.