Stima ilipopotea karakanani

Nimerudi nyumbani saa tatu usiku, vidole bado vinanuka moshi wa lehemu, na sitaki kulala kabla sijayaandika haya.

Tangu Machi nimekuwa nikienda karakanani kila Jumamosi. Karakana yenyewe ni ghala la zamani huku Industrial Area: mabati juu, sakafu ya saruji yenye nyufa, madirisha madogo yaliyo juu sana, na mlango wa chuma unaohitaji watu wawili kuusukuma. Ndani mna mashine ya leza ya kukatia mbao na plastiki, printa mbili za 3D, keekee ya kusimama, jiliwa nne zilizofungwa mezani, na kabati la vifaa ambalo asubuhi limejaa na jioni tunatafutana kuhusu bisibisi. Siku za wiki nafasi ni ya wanaolipa uanachama, wengi wao vijana wenye biashara changa. Jumamosi mlango huwa wazi kwa yeyote. Njoo na kilichoharibika, keti na anayejua, mtengeneze pamoja.

Nimesoma kwamba kule Amsterdam mama mmoja, Martine Postma, alianzisha mikutano ya namna hii mwaka 2009 na akaiita Repair Café, na sasa imeenea nchi nyingi. Sisi wa Nairobi hatukukosa watu wa kutengeneza vitu. Pita Luthuli, pita Kamukunji, ingia mtaa wowote, utampata fundi wa simu, wa redio, wa pasi. Tulichokosa ni kuketi naye upande mmoja wa meza. Kwa fundi wa mtaani unaacha kitu chako na kuambiwa urudi jioni. Ukirudi kinafanya kazi, au hakifanyi, na hujui kwa nini. Hapa karakanani huachi kitu. Unakifungua wewe mwenyewe, skrubu moja baada ya nyingine, na unaondoka ukijua kilichokuwa kikikisumbua.

Mimi ni karani wa duka mjini. Sikusoma uhandisi. Nilianza kwa kuandika majina ya wageni kwenye daftari na kupika chai, nikafundishwa kutia lehemu nikiwa nasubiri maji yachemke. Kijana aliyenifundisha aliniambia jambo moja ambalo sijalisahau: usiyeyushe lehemu, pasha joto pale inapotakiwa kukaa, itakuja yenyewe. Kweli inakuja. Waya ukishapata moto wa kutosha, lehemu inatiririka kama maji na kukaa pale iking'aa. Isipong'aa, ikibaki kibonge cha kijivu, mara nyingi mshiko ni wa uongo. Siku hiyo hiyo nikafundishwa pia sheria ambayo kila mgeni huambiwa kabla hajagusa leza: plastiki ya PVC haiingii humo kamwe, hata kipande kidogo cha bomba, kwa sababu ikichomwa hutoa gesi yenye klorini inayoumiza mapafu na kula chuma cha mashine yenyewe.

Basi leo.

Saa tisa hivi aliingia mama mmoja anayefuma masweta ya shule kwenye kibanda chake Kariobangi. Shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Januari, na hizi ndizo wiki zake za kula au kulala njaa. Alibeba kimashine kidogo kwenye mfuko wa uzi: kile cha kuviringishia uzi kwa mkono, unachokifunga kwenye ukingo wa meza na kuzungusha mpini. Hukitumia kwa mabaki na kwa uzi anaoufumua kutoka kwenye masweta yaliyoharibika. Bila hicho, alisema, binti yake huviringisha kwa mikono hadi saa sita usiku. Gia kubwa ya plastiki ilikuwa imepoteza meno matatu yaliyofuatana.

Vijana wawili wa uhandisi, mvulana na msichana, waliipokea kwa furaha kubwa, maana ndiyo kazi wanayoiota. Yule msichana aliihesabu meno, 28 pamoja na mapengo, akapima upana kwa kalipa: milimita 45 kamili. Akamweleza mama, na mimi nikasogea nisikie. Unajumlisha 2 kwenye idadi ya meno unapata 30, unagawa 45 kwa 30, unapata 1.5, na hiyo ndiyo saizi ya jino. Gia mbili zenye saizi tofauti haziwezi kuumana hata ukizilazimisha. Mama aliitikia taratibu, akasema ni kama sindano na uzi, namba zikikataana hufumi kitu. Nililipenda sana jibu lile.

Kando yao alikuwa ameketi mzee wa Kamukunji. Huyu hutengeneza masanduku ya bati ya watoto wa bweni na majiko, na amekuwa akija tangu Agosti, mara nyingi akiwa kimya, akinoa patasi za karakana bila kuombwa. Aliiomba ile gia. Akaitandika kwenye karatasi ya daftari langu, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaizungusha taratibu hadi ikaacha alama za meno kwenye karatasi. Aliziangalia alama zile kwa muda. Hakusema kitu. Vijana walikuwa tayari wamekwenda kwenye kompyuta kuchora.

Printa ikaanza. Plastiki inayeyuka kwenye nyuzi 200 hivi, kioo cha chini kinapashwa hadi 60 ili kitu kisibanduke, na gia inapanda tabaka kwa tabaka, kila tabaka milimita 0.2. Kwa unene wa sentimita moja ni matabaka 50. Tulikuwa tumesimama tukiitazama kama watu wanaotazama mkate ukiumuka, na mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Kwenye tabaka la thelathini na kitu, stima ikapotea.

Ghala lote lilinyamaza. Halafu yule mvulana akashusha pumzi ndefu, maana printa yetu ikizimika haikumbuki ilipofikia. Kazi inaanza upya.

Nikawasha jiko la gesi, nikabandika sufuria kubwa. Mvua hairuhusu mtu kuondoka, na giza halimruhusu kufanya kazi, kwa hiyo watu wakasogeza viti: mama wa masweta, wale vijana wawili, baba mmoja aliyekuja na pasi, wanafunzi watatu wa sekondari waliokuwa wanatengeneza taa ya sola, na mzee. Chai ya tangawizi, mandazi ya jana, simu mbili zimesimamishwa kwenye vikombe zikitoa mwanga.

Mwanafunzi mmoja ndiye aliyemuuliza mzee: "Babu, wewe ulisomea wapi?"

Mzee aliweka kikombe chini. Akasema alifika Nairobi akiwa kijana, akawa anashikilia bati mwenzake akigonga, juani, mchana kutwa, hakuna hata kivuli cha mti. Ndipo mafundi wa mtaani walipopata jina la jua kali. Mabanda ya Kamukunji yalikuja baadaye, miaka ya 1980, Rais Moi alipowatembelea mafundi na serikali ikawaezekea. Kabla ya hapo, mvua kama ya leo ilimaanisha siku bila chakula. Msichana wa uhandisi akadakia kwamba darasani walisoma ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira hapa Kenya, ambayo ndiyo iliyoifanya dunia ianze kuitazama kazi ya mafundi kama hao kuwa uchumi kamili. Mzee akamuuliza, "Na waliandika majina yetu?" Msichana akasema hapana. Mzee akatikisa kichwa, akaomba sukari.

Wanafunzi hawakumwachia. Unajuaje bati limenyooka? Unakunjaje pembe bila mashine? Akawaonyesha kwa karatasi ya mandazi, akiikunja juu ya ukingo wa meza, na jinsi ya kuacha nafasi ya unene wa bati ili mfuniko usikwame. Mama wa masweta naye akaeleza jinsi anavyokadiria uzi wa sweta la mtoto wa gredi ya nne bila kupima, kwa kumtazama mabega. Yule baba wa pasi, ambaye tangu saa nane hakuwa amezungumza na mtu, alisema mkewe alikuwa mfumaji pia, na amefariki mwaka huu, na pasi ile ni yake. Tulinyamaza naye. Mama wa masweta akammiminia chai nyingine, akamwambia, "Pole baba. Pasi itapona, utaendelea kuishika." Sijui ni wapi pengine mjini hapa watu wale wangekutana wakaambiana mambo hayo.

Ndipo mzee akairudia gia. Akachukua kile kimashine, akachomoa mhimili wake, kijiti cha chuma cha urefu wa kiganja.

"Hii gia haijavunjika yenyewe," alisema. "Imevunjwa. Tumtafute aliyeivunja."

Akaomba kipande cha kioo. Hatukuwa nacho, isipokuwa kioo cha printa, na kwa kuwa stima haikuwepo kilikuwa kimepoa. Yule mvulana akakibandua. Mzee akakilaza mezani, akaweka mhimili juu yake, akatuambia tuishike simu nyuma, mwanga uje kwetu. Akauviringisha mhimili kwa ncha ya kidole. Tukainama wote. Chini ya chuma kile ulionekana mstari mwembamba wa mwanga, ukatoweka, ukarudi, ukatoweka. Kila mzunguko mmoja, mwanga mara moja.

Mhimili ulikuwa umepinda. Kwa jicho usingeona chochote. Lakini kila ukizunguka uliisukuma gia upande mmoja, meno yale yale yakabeba mzigo wote, hadi matatu yakakatika. Alama za kwenye karatasi yangu zilisema hivyo tangu mwanzo: upande mmoja nzito, upande wa pili hafifu. Mzee alikuwa ameziona kabla printa haijawashwa. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba vijana walikuwa na kazi yao na hakuulizwa.

Jibu hilo limenikaa moyoni tangu saa ile. Niliwahi kuhudhuria mafunzo mahali pengine, siku mbili, fulana na vyeti na picha nyingi, ambako mafundi wa mtaani waliitwa waje wafundishwe, wakapangwa nyuma, wakatoka bila kuombwa neno lolote. Niliapa kwamba sisi si watu wa namna hiyo. Na kumbe mzee amekuja kwetu tangu Agosti, tunamkaribisha kwa mikono miwili, tunampa chai, na bado tumemfanya ahisi anatakiwa kungoja aulizwe. Mkutano wa mwezi uliopita nilisema mafundi kama yeye walipwe kama tunavyomlipa mkufunzi wa leza anayekuja mara moja kwa mwezi. Nikaambiwa bajeti itaangaliwa. Wenye kuniambia hivyo ni watu wazuri, nawapenda, lakini hawakuwepo leo kuinama kwenye kile kioo.

Mzee aliunyoosha mhimili kwa kipande cha mbao na nyundo. Anagonga kidogo, anaviringisha, anatazama mwanga, anageuza, anagonga tena. Alimpa msichana nyundo katikati ya kazi, naye akagonga mno, ukapinda kinyume. Mzee hakumnyang'anya. Alimngoja. Ilichukua karibu nusu saa hadi mwanga ukaacha kupita.

Stima ilirudi saa moja kasoro, watu wakapiga makofi kama kawaida. Kioo kikarudishwa, gia ikaanza upya, na safari hii ikafika tabaka la mwisho. Tundu la katikati lilitoka dogo kidogo, jambo la kawaida kwa printa hizi, mzee akalipanua kwa ncha ya keekee akiizungusha kwa vidole bila mashine. Ikaingia. Mama akafunga kimashine chake mezani, akatoa uzi wa maruni mfukoni, akazungusha. Tonge la uzi lilikua polepole, duara sawasawa, bila kelele yoyote ya kukwaruza. Akazungusha hadi uzi wote ukaisha, na hata ulipoisha aliendelea kidogo kuzungusha mpini mtupu, akisikiliza.

Pasi ya yule baba nayo ilipona. Ilikuwa waya uliokatika ndani ya shingo ya kebo tu. Alikunja kebo yake vizuri, akamshika mama mkono, akaondoka.

Daftari langu lina kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto ni wageni na vitu walivyoleta, kulia ni walimu wa siku, na karibu na jina la kila mwalimu kuna safu ya malipo. Tangu Agosti mzee amekuwa kushoto, na kwenye nafasi ya kitu alicholeta nimekuwa nikichora kistari. Leo nimeliandika jina lake kulia. Karibu nalo nimeandika kiasi kile kile cha mkufunzi wa leza, nimetia sahihi yangu, na Jumatatu saa ya chakula cha mchana nitalipeleka daftari kwa kamati mimi mwenyewe. Ile karatasi yenye alama za gia bado imo ndani, sijaichana.