Leo Haihesabiwi

Daftari la binti mmoja wa darasa langu lilikuwa la nne katika rundo la usiku ule. 3 + 4 = 6. 5 + 2 = 6. 2 + 6 = 7. Hesabu kumi, zote nimezitia alama ya kosa, na chini yake nimeandika "Rudia!" kwa wino mwekundu, kama nilivyoandika Alhamisi na Ijumaa. Nilikuwa nalifunga nilipoona kitu. Kila jibu lilipungua moja. Si mbili, si tatu. Moja tu, kuanzia hesabu ya kwanza hadi ya kumi. Mtoto anayebahatisha hakosei namna ile. Huyu alikuwa na njia yake na alikuwa akiifuata kwa uaminifu kuliko nilivyomfuata mimi.

Ilikuwa Februari 2003, Likoni, Mombasa. Mwezi mmoja nyuma serikali mpya ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi, na watoto waliokuwa wamekaa nyumbani, wengine wakibeba vikapu vya watu kivukoni, wakaja wote kwa mpigo. Darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto 94. Waliokosa madawati waliketi chini juu ya mikeka tuliyoomba majirani. Kuna aliyekuwa na miaka sita na kuna aliyekuwa na kumi na mmoja, na wote walikuwa wanaanza moja. Nililipenda darasa lile kupita yote niliyofundisha baadaye.

Kwa vizibo vya soda walijumlisha vizuri sana. Vitatu huku, vinne huku, vikusanye, vihesabu: saba. Mambo yaliharibika tulipoingia mstari wa nambari. Nilichora ubaoni kuanzia sufuri hadi kumi, nikawaambia 3 + 4 ni kusimama kwenye tatu kisha kuruka mara nne kwenda kulia. Nikaruka kwa chaki, nikatua kwenye saba. "Mmeelewa?" "Ndiyo, mwalimu!" Sauti 94 zikisema ndiyo kwa pamoja, ni rahisi kuamini.

Binti huyu alikuwa na miaka tisa, wa dawati la dirishani. Ijumaa nilimwambia mbele ya wenzake kwamba hasikilizi. Aliinamisha kichwa mpaka mtandio ukamfunika uso, na hakujibu kitu. Nilipokuwa na lile daftari mkononi, picha hiyo ndiyo iliyonirudia, na sikulala vizuri.

Jumatatu wakati wa mapumziko nikamwita. "Nionyeshe unavyofanya, mama. Tatu na nne."

Akaweka kidole kwenye mstari. Hina ya sikukuu ya Mfungo Tatu ilikuwa bado haijatoka kwenye kucha. Kidole juu ya 3: "Moja." Juu ya 4: "Mbili." Juu ya 5: "Tatu." Juu ya 6: "Nne." Akaniangalia. "Sita, mwalimu."

Yeye alihesabu mahali, mimi nilitaka ahesabu miruko. Na ni mimi niliyemfundisha hivyo! Mwezi mzima wa Januari nilimwambia kila kizibo unachokigusa ukihesabu, usiruke hata kimoja. Sasa alikuwa anagusa nambari na kuzihesabu vilevile. Ua wenye nguzo tano una nafasi nne katikati. Yeye akihesabu nguzo, mimi nikisahihisha nafasi, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Nikamwambia, "Hii ya kwanza usiihesabu."

"Kwa nini?"

Nikakosa jibu. Nilijua tu kwamba haihesabiwi. Basi nikageuza mazungumzo, nikamwuliza mbona daftari limejaa hadi jalada la nyuma, hana jingine?

"Babangu yuko safari. Asema atanunua akija. Yuaja baada ya siku mbili."

"Siku gani hiyo?"

"Jumatano."

Alijibu bila kufikiri, na mimi nikanyamaza kidogo. Leo Jumatatu, baada ya siku mbili, Jumatano. "Mbona hukusema Jumanne?" nikamwuliza. "Jumatatu moja, Jumanne mbili."

Akanitazama kwa huruma, kama anayemwonea imani mtu mzima. "Mwalimu, Jumatatu si ndiyo leo? Leo tumo."

Nikachukua chaki. Chini ya 3 nikaandika Jumatatu, chini ya 4 Jumanne, chini ya 5 Jumatano. Miaka yote hiyo nilitaja siku hizi bila kuzisikia: tatu, nne, tano. Wiki yetu yenyewe ni mstari wa nambari, unaoanzia Jumamosi. (Inakatika tu baada ya Jumatano, maana Alhamisi nayo kwa Kiarabu ni ya tano, kwa hiyo wiki ya Mswahili ina tano mbili. Hilo sikumwambia.) Akaupitia mstari kwa kidole, midomo ikitikisika. Akakiweka kwenye 3, akakaa kimya. Akakipeleka kwenye 4: "Moja." Kwenye 5: "Mbili." Kisha bila kuambiwa akarudi 3 akaruka mara nne, na alipofika saba alicheka kwa sauti, mkono mdomoni.

Nilipopitia madaftari upya, karibu nusu ya darasa walikuwa na kosa lilelile. Kesho yake nikawatoa wote nje, chini ya mwarobaini. Nikachora mstari mrefu mchangani kwa ufito. Mtoto anasimama kwenye tatu na wenzake wote wananyamaza, kwa sababu kusimama si kuruka. Wanahesabu miguu inapotua tu. Vumbi lilikuwa jingi na mwalimu wa darasa jirani akalalamika, lakini siku ile hakuna aliyepungukiwa na moja.

Kijana mmoja, yule mkubwa wa miaka kumi na mmoja, nilimpa 2 + 6. Akausogelea mstari, akaipita nambari mbili, akaenda kusimama kwenye sita. "Si hapo," wenzake wakapiga kelele. "Niruke mara sita kwa nini?" akasema. "Naanza hapa, naruka mbili, nafika palepale." Akaruka mbili, akatua nane. Somo hilo nilikuwa nimelipangia wiki mbili mbele.

Alhamisi yule binti alikuja na daftari jipya la kurasa 32, bado linanuka duka. Alikuwa ameshajaza ukurasa wa kwanza nyumbani, hesabu alizojitungia mwenyewe, kila moja na mstari wake uliopinda kidogo. Na katika kila mstari, chini ya nambari ya kuanzia, ameandika kwa herufi ndogo: leo.