Kibahasha cha "1 x 1 usiku"

Leo ni usiku wa tisa tangu Babu aache vile vidonge. Nne za mwisho tumelala mpaka adhana, mimi na yeye.

Babu ana miaka minne. Jina ni la baba mkwe wangu, na kweli ana uzee wake: hapendi kelele, na chai hagusi mpaka ipoe. Tangu barabara yetu ianze kuchimbwa, pua yake ilikuwa imeziba, chafya asubuhi nzima, na usiku anakoroma kama mlinzi. Daktari akasema ni aleji, akaandika montelukasti ya miligramu 4, ile ya kutafuna ya watoto wa miaka 2 hadi 5, kimoja kila usiku kwa mwezi mmoja.

Duka la dawa nililipia pakti mbili za kumi kumi, nyingine ningefuata mshahara ukitoka. Muuzaji akazichomoa kwenye boksi, akazitia kwenye kibahasha, akaandika kwa kalamu "1 x 1 usiku". Boksi likarudi rafuni. Wakati ule sikuliona hilo kama jambo.

Siku ya nne pua ilifunguka. Nilifurahi mno.

Wiki ya pili, saa nane usiku, nilimkuta amesimama kitandani, macho wazi, anafukuza kitu ukutani kwa mikono miwili. Nikamwita, hanijui. Nilipomshika akanipiga kifuani. Mchana wake alimng'ata dada yake kwa ajili ya kipande cha chapati, mtoto ambaye humgawia hata paka wa jirani.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mama mkwe: "Mwanangu, huyu kapatwa na jicho, mwite mwalimu amsomee." Baba yake: katuni zimezidi. Mimi nilimshuku mwalimu wa chekechea, masikini, ambaye hana kosa lolote. Dawa haikutajwa na mtu. Dawa ya pua na ndoto vinahusiana nini?

Mwenzangu kazini ndiye aliyeniuliza, "Anatumia dawa gani?" Nikarudi dukani kuomba karatasi ya maelezo. "Mama, hiyo inakuja moja kwa boksi zima," muuzaji akasema, ila alinipa. Niliikunjua chini ya taa, herufi kama sisimizi, Kiingereza kitupu. Ndoto za kutisha. Kutembea usingizini. Hasira, ukali, huzuni, hadi mawazo ya kujidhuru. Nilikaa kwenye benchi la dukani nikaisoma tena.

Usiku huo nikasoma zaidi. Dawa hii iko sokoni tangu 1998. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilianza kuchunguza habari hizi hadharani 2008, na Machi 2020 ikaiwekea onyo la kisanduku, ambalo ndilo onyo lao kali kuliko yote. Ikaongeza kwamba kwa mafua ya aleji, zijaribiwe dawa nyingine kwanza. Kumbe onyo lenyewe lipo, limechapishwa, linafika mpaka rafuni. Linaishia hapo. Mimi nilipewa kibahasha.

Nilimpigia daktari nikiogopa kuambiwa nimesoma vya mtandaoni. Hakubisha. Akasema tuache, kwa kuwa Babu shida yake ni pua tu, akatubadilishia ya kupuliza puani. Nikamuuliza mbona hakunitahadharisha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema siku ile foleni ilikuwa kubwa. Naijua foleni ile, nilikaa humo saa tatu.

Mtoto wa dada yangu ana pumu, anaitumia dawa hiyohiyo mwaka wa pili na analala fofofo. Daktari alinisihi nisimtie dada hofu akaikatisha mwenyewe, maana pumu si mchezo. Nilimpelekea picha ya karatasi tu, nikamwambia amwangalie mtoto na aongee na daktari wake.

Nasi ndoto hazikukoma siku ileile. Usiku tano za mwanzo alishtuka bado, mama mkwe akazidi kuamini jicho lake. Siwezi kumbishia kwa uhakika. Huenda zingepita zenyewe.

Jana baada ya mswaki, Babu alininyooshea kiganja: "Mama, pipi yangu?" Zina utamu wa cheri. Nikamwambia zimeisha. Ziko sita, juu ya kabati.