Siku moja maishani mwangu: kupogoa kaktasi ndefu kwenye nchi ya baridi

Saa 1:00 asubuhi. Kabla ya kugusa kisu tunasoma kipimajoto. Ni wiki ya kwanza ya Juni, kusini mwa Uingereza, na usiku kucha banda kitalu la vioo halijashuka chini ya nyuzi 12. Basi leo kazi ipo. Kisu chenyewe kaktasi inakivumilia vizuri. Kinachoiua ni kidonda kibichi kukaa kwenye ubaridi na unyevu. Chini ya nyuzi 10 mmea umelala, haujifungi kidonda, na ukungu na bakteria huwahi kuingia. Ndiyo maana huku tunapogoa kati ya katikati ya Mei na mwanzo wa Julai. Ukikata Septemba, machipukizi hutoka wakati mwanga umeshapungua, yanakuwa membamba kama penseli, na mwakani utalazimika kuyaondoa yote.

Saa 2:00. Vifaa. Shina la chini ya sentimita 10 linakatwa kwa kisu kirefu cha mkate. Nene zaidi ya hapo linataka msumeno wa meno madogo. Spiriti ya asilimia 70, kitambaa safi, glavu za ngozi, kipande cha zulia kuukuu, kamba. Mimea ya leo haijanyweshewa kwa wiki nzima, kwa sababu shina lililojaa maji hukawia kukauka.

Saa 3:00. Kuchagua pa kukata, na hapa ndipo wengi huharibu. Mmea wa leo ni Cereus repandus, aina ya kaktasi ndefu, uliogusa paa. Ukiutazama kutoka mbali unaona viuno: kila majira ya baridi uliyokaa kwenye joto bila mwanga wa kutosha yameacha sehemu nyembamba. Uzito ulio juu ya kiuno ndio utakaouvunja siku moja. Kata chini ya kiuno, sentimita 3 hadi 5, pale shina lilipo nene kamili. Usishuke hadi kwenye gome la kahawia la chini bila sababu, maana huko machipukizi hukawia sana.

Saa 4:00. Kukata. Kipande cha mita moja chenye unene wa sentimita 12 kina uzito unaokaribia kilo 10, hivyo ni kazi ya watu wawili. Zulia linazungushwa shinani, kamba inafungwa kwenye boriti, mmoja anashika, mwingine anakata kwa mshazari ili maji yasituame juu ya kidonda. Kisha inama uangalie. Nyama iwe nyeupe inayoelekea kijani, yenye ute, na katikati duara la mishipa lisilo na doa. Ukiona doa la rangi ya chungwa au kahawia ndani ya duara hilo, hata likiwa dogo kama punje ya mtama, uozo umeshapita hapo. Shuka sentimita 3, futa msumeno kwa spiriti, kata tena, hadi duara liwe safi.

(Shina refu la namna hii likitoa tone jeupe kama maziwa, hiyo si kaktasi. Ni Euphorbia, jamaa wa mnyaa wa kwetu, na utomvu wake unaweza kuumiza macho vibaya. Simama, vaa miwani ya kazi kwanza.)

Saa 6:00 mchana. Unga wa salfa kidogo juu ya kidonda, feni iwashwe, madirisha ya juu yafunguliwe. Usipake nta wala rangi, kwani hufungia unyevu ndani. Kisiki kisimwagiwe maji juu kwa wiki mbili.

Saa 8:00. Kipande kilichokatwa kinagawanywa vipande vya sentimita 30 hadi 40. Chora mshale unaoelekeza juu kwenye kila kimoja. Vya katikati vinafanana pande zote. Kisha chonga kingo za chini kwa mshazari kuzunguka. Nyama ya pembeni ikikauka hunywea ndani, na mizizi hutoka zaidi kwenye duara la mishipa. Kingo zisipochongwa, duara hilo linabaki limezama mbali na udongo. Vikaushwe kivulini wiki tatu hadi nne, vikiwa wima. Vikilazwa hupinda, na vingine huota mizizi ubavuni.

Saa 9:30. Vipande tulivyokata katikati ya Mei vina gamba gumu, vinapandwa: nusu pumisi (mawe mepesi ya volkano), nusu mboji, chungu kinachozidi shina sentimita 4 tu, vikizama sentimita 5. Kuvizamisha zaidi ili visimame ndiko kunakoviozesha. Visimamishe kwa vijiti viwili na kamba. Maji ya kwanza ni baada ya siku 10.

Saa 11:00 jioni. Lebo na tarehe. Machipukizi ya kisiki huanza baada ya wiki 4 hadi 8, karibu na ncha. Yakifika ukubwa wa kidole gumba, bakisha mawili yaliyo pande tofauti, mengine yang'oe kwa kuyazungusha. Oktoba maji yanakatwa hadi Machi, na mmea unakaa kwenye nyuzi 5 hadi 10, penye mwanga mwingi kuliko pote bandani. Ukiurudisha sebuleni karibu na hita, kiuno kipya kitakuwa kimeshaanza kabla ya Februari.