Mwelekeo wa mhimili wa grafu uhifadhiwe wapi?

Grafu ya joto la maji ya Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake hufika mita 1,470, husomeka vyema sifuri inapokaa juu na namba kuongezeka kadiri jicho linavyoshuka, kwa kuwa ndivyo maji yenyewe yalivyo. Wanaastronomia nao hugeuza mhimili wa mng'ao, maana katika kipimo chao nyota angavu zaidi hupewa namba ndogo zaidi: Sirius, inayozishinda nyota zote za usiku, ina −1.46.

Katika MATLAB, programu ya hesabu na uchoraji wa grafu, mwelekeo ni sifa inayojitegemea iitwayo YDir, na mipaka ya mhimili ni lazima itajwe kuanzia ndogo kwenda kubwa. Katika Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu, mhimili huhesabiwa kuwa umegeuzwa pale tu kikomo cha kwanza kinapozidi cha pili. Njia hii humpunguzia mtumiaji maandishi, lakini humlazimu kila anayeandika msimbo wa kupanga alama za mhimili au kukuza sehemu ya grafu akumbuke kwamba kikomo cha chini huenda ndicho kikubwa. Aliyegeuza mhimili wima kwa amri ya invert_yaxis, kisha akaweka vikomo kwa set_ylim(0, 200), huukuta umerudi ulivyokuwa bila onyo lolote. Ipo set_ybound, inayoweka vikomo huku ikiheshimu mwelekeo, ila ni wangapi wanaoikumbuka?

Linalonikera zaidi ni kwamba invert_yaxis hupindua hali iliyopo badala ya kuweka hali inayotakiwa. Grafu mbili zinazotumia mhimili wima wa pamoja zikigeuzwa moja baada ya nyingine, ugeuzaji wa pili huufuta wa kwanza, na mwenye kazi huanza kuishuku data yake isiyo na kosa. Amri ya set_inverted, inayopokea kweli au si kweli, ni salama zaidi, ingawa nayo huandika jibu lake ndani ya vikomo vilevile.

Lau ningesanifu maktaba ya namna hii, ningehifadhi mipaka ikiwa imepangwa na mwelekeo ukiwa kando, kisha hatua ya kubadili thamani kuwa pikseli ingekuwa mahali pekee panapousoma. Hapo ugeuzaji ni jambo la kawaida, kwani pikseli za skrini huhesabiwa kutoka juu. Mtumiaji akiandika 200 kabla ya 0 ningempokea, nikatenganisha mipaka na mwelekeo papo hapo mlangoni.