Mwarobaini wa Pembeni: Kumbukumbu za Bustani Yetu, Tanga

Januari, Jumamosi ya pili
Tulifika wanne. Tumeizunguka bustani ya mtaa na daftari, mti baada ya mti: mikungu 11, miarobaini 9, mikwaju 2, mwembe 1. Kwa kuwa kaskazi inavuma na jua ni kali, nilidhani shida kubwa itakuwa maji. Kumbe ni minyororo. Tanga ni mji wa baiskeli, na kila anayekuja kupunga upepo wa bahari huifunga yake kwenye mti ulio karibu. Mikungu michanga mitatu imekwanguka gome pande zote.

Tumeng'oa misumari 46 ya matangazo. Iliyokwisha kumezwa na gome tumeiacha, maana kuichokonoa kungeongeza kidonda.

Februari
Fundi wa kuchomelea wa jirani ametuundia fremu ya kuegeshea baiskeli kwa vyuma chakavu. Tuliiweka langoni, juani. Wiki mbili nzima hakuna aliyeitumia. Tukaihamishia chini ya mkwaju mkubwa, na siku hiyohiyo ikajaa. Anayeacha baiskeli hataki kurudi akalie tandiko la moto.

Februari, mwishoni
Mwarobaini wa pembeni umechunwa. Gome limetolewa upana wa viganja vitatu, kuanzia usawa wa goti hadi kifuani. Niliumia sana, kwani ndio mti wanaokaa chini yake kina mama wanaosubiri watoto watoke madrasa. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa kupitia gome la ndani. Likikatwa mzunguko mzima, mizizi hufa njaa polepole huku majani juu yakiendelea kuwa kijani, na mpita njia hajui kitu. Huu umebakiwa na zaidi ya nusu ya gome lake, kwa hiyo tumaini lipo.

Nilikwenda kununua rangi ya mafuta nipake jeraha. Mwenzetu aliyesomea misitu akanizuia. Alitusimulia kazi ya Alex Shigo, mtafiti wa Marekani aliyepasua miti kwa msumeno ili aone kinachotokea ndani ya kidonda. Mti haujengi upya nyama iliyoumia kama ngozi yetu. Hujizungushia kuta kwa ndani kuzuia uozo usisambae, kisha mbao mpya hukua kutoka ukingoni na kufunika. Rangi haizuii uozo. Basi tulichonga tu kingo zilizochanika kwa kisu kikali na safi, tukauacha upumue.

Machi
Tumempata aliyechuna. Ni mzee wa dawa, anakaa mtaa wa pili. Nilimwendea jioni.
"Shikamoo, babu."
"Marahaba, mjukuu wangu. Najua kilichokuleta."
Hakukana. Alisema watu humjia na homa na vipele, naye mwarobaini ndio akiba yake tangu ujana. Sikubishana naye juu ya dawa. Nilimpeleka mtini, nikamwonyesha jeraha na kumweleza njia ya chakula. Alikaa kimya muda mrefu, akalipapasa. Tumekubaliana achume majani, na magome achukue kwenye matawi tunayopogoa. Tangu siku hiyo amefukuza vijana wawili waliokuja na panga. Ningeanza kwa kumshitaki kwa mwenyekiti wa mtaa, leo tungekuwa na adui badala ya mlinzi.

Aprili
Masika. Majani yaliyokuwa yakichomwa mashinani sasa tunayatandaza kuzunguka miti, tukiacha nafasi ya kiganja ili shina lisioze. Mkungu mmoja kati ya ile mitatu umekufa. Tumepanda mwingine palepale, na uzio wa fito.

Mei, Jumamosi ya tatu
Ukingo wa kidonda umevimba kama mdomo. Nimepima kwa rula: milimita 9 upande wa bahari, 6 upande wa barabara. Babu alikuwepo, akaniomba nimsomee namba hizo mara mbili.